Kifaranga asiye na rangi inayotakiwa: kumtoa leo au kumngoja?

Siku ya 21, maganda yakishapasuka na vifaranga wakakauka, mfugaji anayetafuta rangi fulani huinama juu ya boksi na kuanza kugawa kwa macho: huyu ndiye, huyu siye. Walioambiwa "siye" hawalali hapo. Wengine hugawiwa watu, wengine huuzwa kwa yeyote anayetaka kuku bila kujali sura, na wengine huuawa siku hiyohiyo. Anayefanya hivyo mara nyingi si mtu katili. Ana banda dogo, ana picha ya kuku anayemtaka kichwani, na anaamini kwamba nyota njema huonekana asubuhi.

Kwa kuku, asubuhi hudanganya. Anayezalisha kuku lazima achague. Asiyechagua anaongeza idadi tu. Ninachopinga ni saa ya kuchagua, na pia rangi kutangulizwa mbele ya mengine yote.

Nililijua hili kwa hasara. Nilipototoa kundi langu la kwanza la kuku weusi tii, niliwatoa vifaranga wote waliokuwa na tumbo la manjano na ncha nyeupe za mabawa, nikabaki na wachache waliokaribia weusi mtupu. Baada ya miezi mitano nikawaona wale niliowatoa, wakitamba uani kwa jirani niliyempa. Walikuwa weusi tii, wenye mng'ao wa kijani mgongoni, na walikuwa wakubwa kuliko wangu. Nilikuwa nimechagua kwa alama ambayo haikuwa na maana yoyote.

Anachotoka nacho kifaranga kwenye ganda ni malaika tu, yale manyoya laini ya kumtia joto. Manyoya ya mabawa huanza kuchomoza ndani ya siku chache, mwili hufunikwa kwa wiki kama sita, kisha manyoya hayo hunyonyoka na kuota upya zaidi ya mara moja kabla kuku hajavaa vazi lake la ukubwani. Kwa kawaida kifaranga wa kuku mweusi hutoka na manjano au weupe tumboni. Kifaranga mwenye rangi ya kuku wa mwituni hutoka na mistari ya kahawia mgongoni, ya kumficha majanini, na akikua huioni tena. Hata unyoya mmoja mweupe kwenye bawa la kifaranga wa wiki tatu mara nyingi huondoka na manyoya ya kwanza. Anayehukumu wakati huo anahukumu nguo ya mtoto.

Hata hivyo, zipo rangi ambazo malaika husema ukweli. Jogoo wa rangi ya dhahabu akipanda tetea wa rangi ya fedha, vifaranga wa kiume hutoka wepesi wa rangi na wa kike hutoka na wekundu, kwa sababu jeni ya rangi hiyo, yaani kipande cha urithi, imekaa kwenye kromosomu Z, moja ya zile zinazoamua jinsia. Jogoo ana Z mbili, tetea ana moja tu, na hiyo moja huwapa wanawe wa kiume peke yao. Vivyo hivyo, jogoo mweusi akikutana na tetea wa mistari ya kukingama, vifaranga wa kiume hutoka na doa jeupe kisogoni na wa kike hawana. Elimu ya aina hii ndiyo iliyowawezesha wanasayansi wa urithi Reginald Punnett na Michael Pease, huko Cambridge, Uingereza, kutengeneza mbegu ya Cambar, ambayo jinsia ya kifaranga wake husomeka kwenye malaika. Kwa hiyo siwezi kusema rangi ya siku ya kwanza haina thamani. Inayo, kwa mwenye kujua ni jeni gani anaisoma.

Rangi inayoua vifaranga wengi kuliko nyingine, kwa niliyoyaona, ni ile wafugaji wanayoiita bluu, ambayo kwa jicho ni kijivu cha moshi. Bluu haijizai yenyewe. Mwanasayansi William Bateson na Punnett walilieleza jambo hili kwa kuku wa mbegu ya Andalusian mwanzoni mwa karne ya 20, na hesabu yake haijabadilika: ukipandisha bluu kwa bluu, robo ya vifaranga hutoka weusi, nusu hutoka bluu, na robo nyingine hutoka weupe wenye matone ya kijivu. Bluu ni hali ya kubeba nakala moja ya jeni inayofifisha weusi. Mwenye nakala mbili ndiye wa matone, asiye nayo ni mweusi. Kwa kuku wa rangi moja mwili mzima, tofauti hii huonekana tangu bruda, yaani banda la joto la kulelea vifaranga, na vifaranga 20 kati ya 40 hujikuta upande wa "siye" bila kosa lolote la mwili wala la mfugaji.

Sasa mchukue mmoja mweusi na mmoja wa matone kutoka kwenye fungu hilo lililokataliwa, uwapandishe. Vifaranga wao wote, kila mmoja, watakuwa bluu. Aliyewaua wale weusi na wale wa matone ameua jozi ambayo ingemwondolea kabisa haja ya kuua, na kila msimu anarudi kupandisha bluu kwa bluu na kuchimba kaburi lilelile. Nimeona watu waliofuga kwa miaka wakiendelea hivi, na si kwa sababu hesabu ni ngumu. Macho yao yameshazoea kwamba kuku "mzuri" lazima atokane na wazazi waliofanana naye.

Lavenda, rangi ya kijivu hafifu, ina funzo linalokaribiana na hilo. Jeni yake hujificha, haionekani hadi kuku awe na nakala mbili: lavenda kwa lavenda hutoa lavenda peke yake, na mfugaji hupumua, hakuna wa kutoa. Lakini koo nyingi za lavenda zilizopandishwa ndani kwa ndani zina tatizo la manyoya ya mkia na mabawa kuchelewa kuota au kukatikakatika. Dawa wanayoitumia wazoefu ni kurudi kwa kuku mweusi mwenye manyoya imara. Kizazi cha kwanza hutoka weusi wote, wamebeba lavenda ndani bila kuionyesha. Kwa mchaguaji wa rangi ya siku ya kwanza, hao wote ni wa kutupwa. Kwa anayejua anachojenga, hao ndio waliobeba manyoya anayoyatafuta.

Upande mwingine wa rangi zinazojificha unawaumiza zaidi wanaoamini kwamba kuua husafisha ukoo. Kifaranga mweupe akitokea kwa wazazi wenye rangi, jeni ya weupe imetoka kwa baba na mama wote wawili. Ukimwondoa, wazazi bado wamo bandani, na theluthi mbili ya ndugu zake wenye rangi wanaibeba jeni hiyo kimyakimya. Chukua kundi kubwa linalopandana bila mpango, ambamo kifaranga mmoja kati ya 100 hutoka mweupe. Ondoa kila mweupe kwa vizazi kumi bila kukosa hata mmoja: utakuwa umefika kwenye mmoja kati ya 400, na karibu kuku mmoja kati ya kumi bado ni mbebaji. Njia fupi ni kumjaribu jogoo unayemshuku kwa kumpandisha na tetea mweupe wa aina hiyohiyo. Vifaranga saba wakitoka wote wenye rangi, basi kama jogoo huyo angekuwa mbebaji, uwezekano wa kupata matokeo hayo ungekuwa chini ya asilimia moja. Na tetea huyo mweupe wa kumjaribia utamtoa wapi, kama wote umewaua?

Wanaotetea kuchuja mapema wana hoja nzito, na sipendi namna zinavyopuuzwa na wenye huruma ya haraka. Bruda ya vifaranga 30 ukiwajaza 60, matandiko hulowa, koksidiosi, ugonjwa wa matumbo, huingia, wanadonoana, na wanaoumia ni pamoja na wale uliotaka kuwahifadhi. Chakula nacho hakingoji kuku aonyeshe rangi yake. Kuku wa maonyesho wengi hukua polepole, na pora aliyelishwa miezi mitano hawezi kurudisha kwa nyama gharama ya alichokula.

Hoja ya kugawa ndiyo inayonisumbua zaidi. Kifaranga uliyemkataa ukimpa mtu, mwakani anaweza kuwa baba wa kundi linalouzwa kwa jina la mbegu yako. Mbegu zenye wafugaji wachache huweza kuyeyuka hivyo. Watu waliozilinda walikuwa wakali: maonyesho ya kuku yalifanyika London mwaka 1845, na ilipofika 1874 Wamarekani walichapisha Standard of Perfection yao, kitabu kinachoeleza rangi ya kila sehemu ya mwili wa kuku, kuanzia shingo hadi unyoya wa mkia. Bila ukali huo tusingekuwa na rangi nyingi tunazogombania leo. Anayesema rangi ni pambo tu lisilo na maana hajawahi kukesha akingoja ganda lipasuke.

Lakini ukali huo una bei isiyoandikwa kitabuni. Tuseme umetotoa vifaranga 60, nusu yao matetea. Unahitaji matetea kumi wa kuendeleza ukoo. Ukianza kwa rangi na nusu ya wale 30 wakakataliwa, umebaki na 15, na kati yao lazima uchukue wawili katika kila watatu, wawe na miguu imara au dhaifu, wawe watagaji au wavivu. Usingeanza na rangi, ungeweza kuchukua mmoja katika kila watatu kwa afya, ukuaji na utagaji. Nafasi ya kuchagua ni kama akiba: ukiitumia yote kwenye manyoya, hakuna iliyobaki kwa ajili ya kifua na mfupa. Baada ya miaka kadhaa utakuwa na kundi la rangi moja safi, linalototoa nusu ya mayai yake.

Hesabu ya undugu inazidisha hatari hiyo. Jogoo mmoja na matetea kumi huonekana kundi la kuku 11, lakini kwa upande wa urithi lina uzito wa kuku wasiofika wanne, kwa sababu nusu ya damu yote inatoka kwa jogoo mmoja. Undugu wa damu hupanda kwa karibu asilimia 14 katika kizazi kimoja, zaidi kidogo ya kupandisha watoto wa baba mmoja na mama tofauti. Ukiweka majogoo watatu, ongezeko hilo linashuka hadi kati ya asilimia tano na sita. Mchujaji wa rangi huishia na jogoo mmoja, yule mwenye manyoya bora, na kumrudia msimu baada ya msimu.

Kwa hiyo nafasi bandani, ambayo ndiyo hoja kubwa ya kuchuja mapema, naiona kuwa ni suala la siku ya kupanga mayai kwenye mashine. Ukiwa na nafasi ya vifaranga 30, weka mayai ya 30, na kabla ya hapo kaa na kalamu uandike jozi zako zitatoa nini. Wenye kuku wa kidimu, wale ambao manyoya yao hupinda kurudi nyuma, wanalijua hili: kidimu kwa kidimu hutoa robo ya vifaranga wenye manyoya yanayokatika hadi ngozi kubaki wazi, ilhali kidimu kwa kuku wa kawaida hutoa nusu kidimu na hakuna anayeteseka. Hakuna anayesubiri waanguliwe ndipo aamue.

Kumngoja kifaranga kunahitaji alama, la sivyo baada ya wiki sita hujui nani ni mtoto wa nani. Utando kati ya vidole vya miguu unaweza kutobolewa tundu dogo siku ya kwanza. Kuna sehemu nne kwa miguu miwili, na mpangilio wa matundu unakupa alama 16 tofauti bila pete yoyote. Kisha pima uzito, andika, tazama miguu. Rangi iache hadi manyoya ya ukubwani yatoke. Majogoo wa ziada watakaobaki hapo watakuwa chakula, na kuchuja hakulazimishi kuua: tetea wa rangi isiyotakiwa anataga mayai kama dada yake, ilimradi asiingie kwenye banda la uzazi. Ukimpa mtu, mwambie wazi kwamba si wa kuzalishia mbegu.

Na kama, baada ya yote, mtu ameamua kumuua kifaranga, basi amuue kwa mkono uliofunzwa na kwa haraka. Kumzamisha majini, kumfungia mfukoni au kumwacha baridini ni mateso, na udogo wake haupunguzi anachokisikia. Ujerumani ilipiga marufuku tangu Januari 2022 kuua vifaranga wa kiume wa kuku wa mayai, na wafugaji wengi wa nyumbani walifurahi. Ningependa furaha hiyo ifike pia kwenye mabanda yetu wenyewe, ambako sababu ya kuua si hata jinsia.

Banda langu la uzazi sasa lina jogoo wa matone na matetea weusi wanne. Wote watano walitoka kwenye fungu la "siye" la mfugaji mwenzangu, aliyekuwa akitafuta bluu.