Tusimsingizie mwewe kila kitu

Hapa Kiamunyi, Nakuru, ukimuuliza mtu mwenye kuku wa kienyeji mbona boma limebaki na kuku wachache hivi, jibu ni moja tu, mwewe. Kuku amepotea usiku, mwewe. Kuku amekufa shingo imejipinda, ati mwewe alimshtua. Mi nafuga kuku wa kuachiliwa na nitasema vile naona: mwewe ni mwizi na hiyo sitamtetea, lakini ni mwizi wa vifaranga, sisi ndo tumemfanya mwizi wa kila kitu juu yeye anaiba mchana watu wakimwangalia, na wale wauaji wenyewe wanakuja tukiwa tumelala.

Wacha nianze na wale wapenzi wa ndege wanaosema ati mwewe ni wa takataka tu na hana shida na mtu. Hao hawajawahi kuwa na kuku ametoka kuangua juzi. Mwewe akishajua boma lako liko na vifaranga atarudi, leo saa nne, kesho saa nne, anapita juu polepole akigeuzageuza ule mkia wake wa panda kama usukani, alafu hata husikii kitu, kimoja kimeenda na mama yao anabaki kuruka juu na kupiga kelele ya bure. Kifaranga wa siku moja hafikishi hata gramu 50, huyo si mzigo. Na kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi kuna wengine wanashuka kutoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi, wanaungana na hawa wetu wa mdomo wa njano, hewani kunajaa. Kisumu usiseme, pale Dunga samaki wanaposhushwa mwewe anaweza kukunyang'anya chakula mkononi ukiwa umesimama.

Sasa tuongee uzito. Mwewe mzima kwa kawaida hafiki kilo moja. Kuku wa kienyeji aliyekomaa ni kilo moja na nusu hivi, jogoo hata mbili na zaidi. Atambeba na nini? Anaweza kumrukia, anaweza kumkwaruza, lakini kumnyanyua aende naye juu ya miti, hapana. So ukiniambia mwewe alibeba jogoo wako mi nitakuuliza jirani yako alikula nini Jumapili.

Kuna mmoja lakini ambaye kuku mkubwa anamweza, na huyo hata wengi hawamjui. Ni kipanga mkubwa, mgongo mweusi kifua cheupe, mkia mrefu, anapenda sana kujenga kwa mikaratusi. Chakula chake hasa ni njiwa na hua, lakini akizoea boma yako ni shida. Huyu hazunguki juu kama mwewe. Anajificha kwa miti, anatokea chini chini kwa spidi, anamwangusha temba wako na kumlia hapo hapo. Utakuta rundo la manyoya yamenyonyolewa na kifua kimeliwa. Ukiona hivyo mchana, hapo sawa, laumu ndege.

Na hapa ndo mambo yanaharibika, kwa sababu kuna ndege mwingine mgongo mweusi tumbo jeupe, yule mnene wa mabawa mapana na mkia mfupi wa rangi ya kutu, anayekaa juu ya posti ya stima ama ya fensi barabara yote ya kwenda Njoro. Huyo kazi yake ni fuko, panya, nyoka na mijusi. Kifaranga akijileta mbele yake atamchukua, sikatai, lakini si kuku anatafuta. Mtu wa Njoro ama Molo anayelima viazi na karoti anajua fuko anaweza kufanya nini kwa shamba, alafu huyo huyo mtu ndo anamlenga huyu ndege na mawe juu ameona kucha na mdomo uliopinda. Yule mwizi mwenyewe amejificha kwa mkaratusi. Anayeuawa ni anayekaa mahali anaonekana. Vihiga na Kakamega ni vile vile na yule wa shungi kichwani anayekaa kwa stima akiangalia chini, huyo maisha yake yote ni panya, na bado anapigwa.

Shosho alikuwa anatuhadithia vile mwewe alimwazima kuku wembe, kuku akaupoteza, ndo maana kuku anachakura mchanga mpaka leo na mwewe anakuja kuchukua watoto kama deni. Hata kwa hiyo hadithi deni linalipwa na vifaranga. Hakuna mahali mwewe alibeba kuku mama.

Kama ni mawe tu labda ningenyamaza. Shida ni sumu. Mtu anapaka dawa ya wadudu kwa kipande cha nyama anaacha juu ya paa ama kando ya fensi, ati anategea mwewe. Anayekula kwanza ni mbwa wa jirani, alafu paka, alafu kunguru, alafu chochote kinachokuja kula hizo maiti. Bunyala huko Busia ilishaandikwa sana vile watu walitega ndege kwa carbofuran, dawa ya wadudu yenye sumu kali, kwa mashamba ya mpunga na kuwauza kama kitoweo, so hii dawa haibaki pale uliiweka, inafika hadi sahani. Na hawa ndege si wengi vile tunadhani. Utafiti mmoja uliotoka 2022 ulilinganisha hesabu za barabarani za miaka ya sabini na za miaka ya juzi hapa Kenya, na kati ya aina 22 za ndege wa kuwinda na tai walioangaliwa, 19 walikuwa wamepungua. Yule wa mkia wa kutu ni kati ya walioanguka vibaya zaidi.

Sasa kuku wako wanaenda wapi? Angalia saa. Mwewe na kipanga wakati wa giza wamelala, so kuku akipotea usiku usiangalie juu. Kuku ameachwa bila kichwa ndani ya banda, fikiria kicheche ama kanu, hao wanyama wadogo wanaowinda usiku. Mayai yanapotea kila siku na uko karibu na ziwa, fikiria kenge. Bundi mkubwa anaweza kumtoa kuku anayelala kwa mti, ndio, lakini kwani kuku wako analala kwa mti kwa nini? Na siafu wakiingia usiku mahali kuku ameatamia, asubuhi utalia.

Lakini hao wote wakijumlishwa hawafikii ugonjwa wa kideri, hii Newcastle. Ikiingia kijiji ambacho hawajachanja inaweza kumaliza karibu kila kuku, ndani ya siku chache tu. Hiyo shingo kujipinda niliyosema pale juu, ndo hiyo. Chanjo ni tone moja kwa jicho, unarudia kila miezi mitatu, na chupa moja inatosha kuku wengi kwa hivyo mnaweza kuchanga na majirani mwende agroveti pamoja. Kwangu mtu ambaye hajachanja hana haki ya kuongea mambo ya mwewe, akachanje kwanza.

Ukishachanja, mambo ya mwewe ni ya miezi miwili tu ya kwanza ya vifaranga. Funika koo na watoto wake kwa tenga, ama uwatengee kona kidogo na ufunike juu, hata neti ya mbu iliyotoboka inafanya kazi, mwewe hapendi mahali hawezi kushuka na kupaa bila kugusa kitu. Walishe hapo ndani. Ukichinja, zile matumbo usitupe nyuma ya nyumba, hiyo ni kumwita kwa jina. Acha nyasi ya nepia ama kichaka cha mihogo karibu ndo wakitoka wawe na pa kukimbilia, hii uwanja imefyekwa safi kutoka geti mpaka choo ni nzuri kwa macho ya wageni na mwewe pia anaipenda. Na wacheni kuchinja majogoo wote Krismasi, bakisheni mmoja, jogoo ana sauti yake ya kitu cha juu na sauti ingine ya kitu cha chini na kuku wote wanaelewa wakimbie chini ya kitu ama wasimame wakiangalia.

Zile CD za kuning'iniza zinasaidia siku kadhaa, mwewe anazoea, so ukitaka kuzitumia uzihamishe hamishe. Kupaka vifaranga rangi ya zambarau na GV, ile dawa ya vidonda, sijashawishika nayo, ingawa wanapendeza na angalau hawatachanganyika na wa jirani.