Tobey alikuwa anadaiwa kodi, Tom akaletewa suti: ubishi wa Spider-Man usioisha hapa Chuga (Arusha)

Ukikaa kinyozi pale Ngarenaro au kijiweni kwa boda Kijenge, we taja tu jina la Tom Holland, lazima atokee braza mmoja wa miaka thelathini na kitu akwambie yule siyo Spider-Man, yule ni mtoto wa kulelewa wa Tony Stark, yule tajiri Iron Man, na lazima kuna chalii wa kidato cha nne atamjibu braza umezeeka, kaangalie muvi zako za sidi. Nimeshawasikiliza sana hawa watu. Wanabishania sura na suti na nani anaruka vizuri, wakati mi naona kilichobadilika hasa ni hali ya maisha ya Peter Parker, ndo Spider-Man mwenyewe akivua suti, yaani mfuko wake.

Tuanze na kina braza wa Tobey Maguire, aliyemwigiza Spider-Man kabla ya Tom. Ile muvi yake ya pili aliyoiongoza Sam Raimi, ya 2004, inaanza Peter anapeleka pizza anachelewa anafukuzwa kazi, mwenye nyumba anadai kodi yake mlangoni, picha anazopiga bosi wa gazeti anamlipa kiduchu huku anamfokea, Anti May nyumba inamponyoka na baadaye benki inamkatalia mkopo, na bado siku ya bethdei ya Peter anamshikisha dola 20 kwa nguvu. Mtu aliyewahi kupanga chumba Unga Limited na mwenye nyumba akawa anakohoa nje kila mwisho wa mwezi hahitaji kuelezewa hiyo muvi inahusu nini. Ndo maana wanakasirika. Kwao Spider-Man ni jamaa anayeokoa watu afu analala njaa.

Sasa huyu wa Tom. Kaingia 2016 kwenye Captain America: Civil War, na tajiri Stark kamfuata mpaka nyumbani, suti kali kapewa bure. Muvi yake ya kwanza ya 2017 adui ni Vulture, jamaa aliyekuwa na tenda ya kuzoa mabaki ya vita akanyang'anywa na mradi ambao Stark yumo. Ya 2019 adui ni Mysterio, mfanyakazi wa zamani wa nani? Stark tena. Yaani dogo anapigana na watu waliokosana na tajiri wake, yeye mwenyewe hana ugomvi nao wowote wa maana. Kifo cha anko Ben aliyemlea, ambacho ndo kilimfanya Peter awe Peter, hatuoneshwi kabisa. Hapo kina braza wana hoja na sitawabishia.

Ila wakishasema Tobey ndo orijino, hapo wananipoteza. Peter Parker katoka kwenye komiki ya Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962, ni mwanafunzi wa sekondari, na ule utando anaurusha kwa kifaa alichotengeneza mwenyewe kwa akili zake. Raimi ndo aliyeufanya utoke mkononi, na mashabiki wa komiki wakati ule walilalamika vibaya mno kwamba mtu wao kaharibiwa! Tobey alikuwa na miaka 26 muvi ya kwanza inatoka 2002. Tom alikuwa na 19 wakati Civil War inatoka, anaonekana dogo wa shule kweli, anaropoka ovyo, anatania adui katikati ya ngumi kama yule wa kwenye vitabu. Sasa orijino ni nani hapo? Mtu anaita orijino ile aliyoikuta yeye akiwa na miaka kumi.

Andrew Garfield, aliyecheza Spider-Man katikati ya hao wawili, naye alisemwa sana, eti mzuri wa sura mno hawezi kuonewa shuleni, afu 2021 akarudi kwenye muvi ya Tom akamdaka mchumba wa Tom anayeanguka, baada ya kumkosa mpenzi wake Gwen kwenye muvi yake ya 2014, na watu walewale waliomponda wakaanza kudai apewe muvi ya tatu. Mashabiki ndo tulivyo.

Tuje kwa wanawake maana hapa ndo ubishi wa kijiweni unapitaga juu juu. Mary Jane wa Kirsten Dunst, mpenzi wa Peter wa Tobey, muvi zote tatu mwisho anatekwa, ananing'inizwa mahali, anapiga kelele. Zendaya, mchumba wa Peter wa Tom, kwenye ile ya 2019 kagundua mwenyewe Peter ni nani bila kuambiwa. Hapo timu Tobey hawana pa kusimama, wakubali tu yaishe. Anti May ni kinyume chake. Yule wa Rosemary Harris ana sini moja, Peter anamwambia ukweli kuhusu alivyochangia kifo cha Ben, mama wa watu anautoa mkono wake polepole anainuka anapanda ngazi bila neno. Muvi mbili za kwanza za Tom hazina kitu cha kuikaribia hiyo, Marisa Tomei ni mwigizaji mkubwa ila wamemwachia utani wa wanaume kusifia uzuri wake basi.

Mpaka No Way Home, muvi ya tatu ya Tom, ya 2021. May huyuhuyu ndo anayemshikilia Peter awasaidie wale maadui waliotokea kwenye muvi za zamani badala ya kuwarudisha kwao wakafe, na inamgharimu uhai, na yale maneno kwamba nguvu kubwa inakuja na wajibu mkubwa anayasema yeye, siyo Ben. Mwishowe Peter mwenyewe anaomba dunia nzima imsahau, mchumba hamjui, rafiki hamjui, kahamia chumba cha kupanga na suti kashona mwenyewe. Vijana wanasema si mmeona sasa, hadithi ilikuwa inaelekea huko muda wote, na huyu katoa zaidi maana alikuwa navyo akaviachia. Hoja nzito hiyo, na mi naikubali karibu yote.

Kinachonikwaza ni foleni. Muvi sita, ukihesabu na zile za Avengers, ndo tufike mahali ambapo Raimi alishafika hata nusu ya muvi ya kwanza haijaisha. Kwa hiyo kwangu Tom ameshapata upeo wa kuwa Peter Parker ila mpaka hiyo ya 2021 alikuwa na muvi moja tu ya kuthibitisha, na akipatikana tajiri mwingine wa kumletea suti tena, nitarudi zangu kinyozi Ngarenaro nikae upande wa kina braza.