Kimyanga kinajibadilisha, je mbegu sugu ni kazi bure?

Kuna jamaa mkulima wa mpunga tunabishana nae kila tukikutana, yeye anasema kutafuta mbegu sugu ya kimyanga, ugonjwa wa kirusi unaoweka michirizi ya njano kwenye majani ya mpunga, ni kuchoma hela maana kirusi kinajibadilisha tu. Mi naona ana ukweli nusu, tena nusu nzito.

Kirusi hiki ni cha RNA, yaani maelekezo yake ya urithi yameandikwa kwa RNA badala ya DNA, kikijinakili hakina kazi ya kukagua nakala zake kwahiyo makosa yanaingia kila siku, na baadhi ya makosa hayo ndo mtaji wake. Kwao ni Afrika, wakati mpunga tunaoulima sana asili yake Asia, ina maana mgeni alikuja akakutana na kirusi cha huku huku. Kiliripotiwa kwanza Kenya mwaka 1966, karibu na Kisumu.

Sasa chukua mpunga unaoitwa Gigante. Mpunga una protini moja ambayo kirusi lazima kiishike ndo kizaliane, ila kwenye Gigante asidi amino moja tu (asidi amino ni vipande vinavyojenga protini), ya namba 309, imebadilika, kirusi kinakosa pa kushika. Raha hiyo! Lakini kirusi nacho kikibadilisha asidi amino ya 48 kwenye protini yake ya VPg kinashika tena, badiliko moja kwa badiliko moja.

Hapo jamaa anafurahi, ila mi ndo nakataa, kwasababu mabadiliko mengi yanakiumiza chenyewe na njia hazijafunguka zote. Angalia namba 49 kwenye hiyo hiyo VPg, virusi vyenye asidi amino iitwayo threonini pale vinauweza zaidi ukinzani wa mpunga wa asili wa Kiafrika, glaberima, lakini kwa Gigante vinahangaika kweli, na vyenye asidi amino nyingine, asidi glutamiki, ni kinyume chake. Kwahiyo wanaochanganya jeni za ukinzani tofauti kwenye mbegu moja hawabahatishi, wanakibana kirusi pande mbili.

Na hakisafiri kwa mbegu, kinabebwa na mbawakawa, mikono yetu, mundu na miche iliyosongamana kitaluni. Ukiona mpunga wa Supa jani lina michirizi ya njano na suke limekwama, hata likitoka ni mapepe matupu, usiliache shina hilo kisa ni moja, maana humo kirusi kinajinakili mara zisizohesabika na kila nakala ni jaribio lingine. Ling'oe, kisha nawa mikono kabla hujagusa jaruba la pili.