Spika Hazijafa, Mzee Wangu, Zina Njaa

Jumamosi iliyopita asubuhi nilikuwa natoka kununua maziwa hapa Majengo, Moshi, nikamkuta mzee jirani yangu amesimama barazani, vijana wawili wanapakia spika kwenye guta. Spika mbili za mbao, zile za Kimarekani za zamani, wufa (spika ya besi) ya inchi 12, boksi limezibwa pande zote. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikamuuliza zinakwenda wapi. Kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Fundi amezipima akasema zimekufa, chenye thamani humo ni sumaku tu, na sumaku inauzwa kwa kilo.

Spika hizo zilikuwa za marehemu kaka yake. Nikamwambia, mzee, niachie mpaka saa nane mchana, zikinishinda nitazipeleka mwenyewe. Vijana wakanisaidia kuzivusha uani kwangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee alinunua amplifaya mpya Arusha, nyepesi, ina mataa ya rangi mbele, na kwenye katoni wameandika wati 3,000. Alipoiunga na spika za kaka yake, sauti ikatoka nyembamba, besi hakuna. Akaongeza, ikaanza kukwaruza. Akaongeza tena, ikazima. Akasubiri ipoe, akawasha, ikazima tena. Fundi alipokuja akafungua waya, akaweka mita kwenye spika, akasoma omu 3 na kitu, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Akasema koili, ule waya uliosokotwa ndani ya spika, imeanza kushoti.

Haijashoti! Spika iliyoandikwa omu 4 ukiipima kwa mita inasoma 3 na kitu, kwa sababu mita inapima ukinzani wa waya wa koili peke yake, ikiwa imetulia, haina muziki. Fundi yule amezoea spika za omu 8, ambazo mita husoma 6 hivi, basi alipoona 3 akaogopa. Namheshimu, redio yangu ya gari ameitengeneza yeye. Lakini kwa neno moja alilotamka kwa uhakika, urithi wa mtu ulikuwa unakwenda kupondwa kwa nyundo.

Hasira yangu kubwa iko kwenye ile katoni. Wati 3,000 za nini? Geuza amplifaya ile nyuma, soma kibandiko kinachosema inakula umeme kiasi gani. Ya mzee imeandikwa wati 60. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa 3,000 kwa spika, labda kwa kufumba na kufumbua, na muziki hauchezwi kwa kufumba na kufumbua. Namba zile wanaziita PMPO, na hakuna kipimo kinachokubalika popote nyuma yake. Kila kiwanda kinaandika kinachopenda. Marekani waliona udanganyifu huu zamani, mwaka 1974 wakaweka kanuni kwamba anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani aseme ni wati za mfululizo, kwa spika ya omu ngapi, na sauti imechafuka kiasi gani. Miaka zaidi ya 50 imepita, na sisi huku bado tunauziwa katoni.

Sasa nieleze kwa nini spika za mzee zina njaa, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mwaka 1954 Edgar Villchur na mwenzake Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts. Wazo la Villchur lilikuwa kuziba boksi kabisa na kuacha hewa ya ndani ifanye kazi ya springi ya wufa. Boksi dogo likaweza kutoa besi ya chini na safi kuliko makabati makubwa ya wakati ule. Lakini besi hiyo ina gharama, na gharama yake ni umeme. Hofmann, yule ambaye jina lake ni herufi H katika KLH, kampuni nyingine ya spika ya Marekani, ndiye anayetajwa kwa sheria hii: besi ya chini, boksi dogo, sauti kubwa kwa umeme kidogo, utapata mawili, la tatu utalikosa. Boksi za kaka wa mzee zilichagua mawili ya kwanza.

Kibandiko cha nyuma ya spika zile kinasema desibeli 84, yaani ukubwa wa sauti inayotoka kwa wati moja, ukipimwa mita moja mbele yake. Spika nyingi za baa na kumbi zinapita 95. Kila desibeli 3 unazopungukiwa zinataka wati mara mbili. Fanya hesabu: spika ya desibeli 90 ikikuridhisha kwa wati 20, hii ya 84 inataka 80 kwa sauti ileile. Na hapo bado hujafika kwenye pigo la ngoma, ambalo linaruka juu ghafla na kutaka mara kumi ya hizo.

Halafu kuna hizi omu 4. Watu wanadhani ni namba ya kupanga tu, kama saizi ya kiatu. Amplifaya inayosukuma volti 28 kwa spika ya omu 8 inatoa mkondo wa ampea 3 na nusu, yaani wati 100. Volti zilezile kwa omu 4 zinataka ampea 7. Na spika iliyoandikwa 4 haikai kwenye 4. Kwenye noti fulani inashuka mpaka 3, nyingine hata 2, na hapo zinatakiwa ampea 14. Tena kuna mahali volti na mkondo haviendi sambamba, kimoja kinatangulia kingine kinachelewa, na anayelipa ni transista, kwa joto. Amplifaya dhaifu ikifika hapo ina mambo mawili: ijizime ili isiungue, au iungue. Ya mzee ilijizima. Walau aliyeitengeneza alikuwa na busara hiyo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si wati ngapi. Muulize: inatoa ngapi kwenye omu 8, na ngapi kwenye omu 4? Ikitoa 100 kwenye 8 na karibu 200 kwenye 4, hiyo ina kifua. Ikitoa 100 na 110, transfoma yake imechoka kabla hujaanza. Ikiwa nyuma pameandikwa omu 6 hadi 16 tu, mwambie asante, uondoke.

Na inyanyue. Amplifaya yangu niliinunua ya mtumba, ina kilo 18, na nilipoitoa Arusha mpaka Moshi niliipakata mapajani kilometa 80, miguu ikafa ganzi. Uzito ule ni transfoma, kapasita kubwa kama makopo ya maziwa, na bati la kupozea transista. Umeme wa ngoma unahifadhiwa humo kabla ngoma haijapigwa.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba uzito si kila kitu siku hizi. Amplifaya za klasi D, zile za kisasa zisizopoteza umeme mwingi kwa joto, zina kilo mbili hivi na zipo zinazobeba omu 4 bila kutoka jasho. Zipo nzuri kweli. Lakini katika maduka yetu nzuri na mbovu zinafanana sura, na mimi kwa kilo siwezi kudanganywa.

Aliyeniudhi zaidi ni yule anayesema, weka amplifaya ndogo ili usiunguze spika. Hapana. Spika za nyumbani zinauawa pia na amplifaya ndogo iliyosukumwa kupita uwezo wake. Ikiishiwa nguvu inayakata mawimbi vichwa, yanakuwa bapa, na vipande vile vikali vinakwenda moja kwa moja kwenye tweta, ile spika ndogo ya sauti za juu, ambayo koili yake ni nyembamba kama uzi wa kushonea. Ule mkwaruzo mzee aliousikia ulikuwa tweta inalia. Tuna bahati haikuungua.

Niliziunga na amplifaya yangu saa tano. Sponji ya pembeni ya wufa moja imeanza kupasuka, hiyo itabadilishwa, si kazi kubwa. Nikaweka kwaya ya Kilutheri, kwa sababu namjua mzee. Nilianza chini, nikapandisha polepole. Sauti ya tatu na ya nne zikaingia, zile za wanaume, na zilikuwa na uzito wa kifua cha mtu aliyesimama ndani ya chumba. Mzee alikuwa bado mlangoni, fimbo mkononi. Akaingia, akakaa. Hakusema kitu nyimbo tatu nzima. Kisha akasema kaka yake alikuwa anaimba sauti ya nne, na alikuwa akikaa upande ule wa kushoto, karibu kabisa na spika, ili asikie waimbaji wapumuapo.

Ningekuwa nimechelewa kutoka kununua maziwa kwa dakika kumi, ile saa isingekuwepo. Hili ndilo linanikereketa. Ni nyumba ngapi hapa Moshi, Rau, Soweto, Kiboriloni, zilikuwa na spika kama hizi, zikaenda kwa kilo kwa sababu ya katoni?

Amplifaya yangu siwezi kumpa, na yeye ameshakataa kuazima. Kwa hiyo tunatafuta yake. Ya mtumba itatosha, ila nimemwonya kuhusu zilizotoka Japani, zinakula volti 100, na za Marekani 120. Ukichomeka kwenye 230 zetu bila transfoma ya kushushia umeiua. Pia asikubali yenye transista zilizobadilishwa mpaka tuone alizobandika fundi, maana feki zimejaa na hazistahimili omu 4 hata wiki.

Bei niliyompa ya kuanzia imemshtua, nami naelewa, pensheni ni pensheni. Nimemwambia auze ile ya wati 3,000 kwa kijana mwenye spika nyepesi, itamfaa, na aongezee. Jumamosi tunapanda kosta ya asubuhi kwenda Arusha, spika moja tumeifunga blanketi. Hatutasikiliza amplifaya yoyote kwa spika za dukani. Tutaiweka spika ya kaka yake juu ya meza ya muuzaji, tuongeze sauti mpaka kwaya ifike mahali pa wanaume, na tuiache nusu saa, tuone kama itazima.