Pete ya Rivasi

Kwa wiki mbili nzima nilikuwa mgonjwa wa picha moja kwenye simu: Renault Clio 182 ya mwaka 2005, rangi ya buluu, mabomba mawili ya moshi yametokeza nyuma kama pua ya nyati. Naifungua kabla ya sala ya alfajiri, naifunga mama watoto akishaniuliza mara ya tatu, "Lakini umenisikia?"

Sijamsikia.

Ugonjwa wenyewe ni wa kurithi. Marehemu baba alikuwa dereva wa Peugeot 504 ya idara moja pale Tanga, na kwake yeye magari duniani yalikuwa ya aina mbili, Peugeot na makopo. Umeme ukikatika usiku alitusimulia jinsi Bert Shankland, mkazi wa Tanzania hiyo hiyo, alivyoshinda mbio za Safari mwaka 1966, akarudia tena 1967, mara zote mbili kwa Peugeot 404. Alisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa pembeni ameshika ramani. Sasa mtoto aliyelelewa hivyo, umlete Uingereza, umpe Toyota Yaris ya lita moja ya kupelekea watoto shule, usishangae moyo wake ukianza kutangatanga.

Na Uingereza ndiko kwenye kishawishi chenyewe. Wenyeji wana mapenzi ya ajabu na vigari vya Kifaransa vya kwendea sokoni, vile ambavyo huko kiwandani mtu aliamua kuvitia injini ya wakubwa. Mkubwa wa ukoo ni Peugeot 205 GTI iliyotoka mwaka 1984. Hiyo sifa yake moja ni kwamba ukiingia nayo kwenye kona kwa kasi, kisha ukaogopa ukaachia mafuta ghafla, mkia unakuja mbele kukuuliza kulikoni. Ila 205 nzima siku hizi bei yake ni ya watu wanaokusanya magari kama wengine wanavyokusanya saa. Clio Williams ya 1993 ni hivyo hivyo. Ikabaki 182: injini ya lita mbili, farasi 182, kwenye gari lenye uzito wa tani moja na kilo mia hivi. Yaris yangu, Mungu aipe umri, kuwafikisha farasi sabini ni mpaka uhesabu na punda.

Nikapeleka hoja kwa mama watoto. Yeye anahudumia wazee majumbani, anazunguka Milton Keynes kutwa kwa kigari cha kazini, nacho cha Kifaransa, na mji huu una vipilefti vingi mpaka mtu akifika nyumbani bado anapinda kushoto.

"Mfaransa mmoja ninaye kazini, ananitosha," akasema. "Hilo lako lina milango mingapi?"

"Mitatu."

"Ukihesabu na buti?"

"Ukihesabu na buti."

"Kwa hiyo miwili. Na hivi viti viwili vya watoto tutavipitisha dirishani. Tairi la akiba lipo?"

Hapo ndipo nilipokwama. Gari hilo halina. Mahali pa tairi la akiba pamechukuliwa na mabomba ya moshi, na wewe unapewa kopo la povu la kupuliza ndani ya tairi likitoboka.

"Kopo la povu," akarudia taratibu. "Kama lile la kunyolea ndevu."

Akaondoka zake jikoni, nami nikahesabu kwamba hajasema hapana.

Jumamosi nikamchukua shemeji, mdogo wake, awe fundi wangu. Shemeji amefanya kazi eneo la Gerezani, Dar es Salaam, miaka mitatu. Alikuwa akiuza spea, hazifungi, lakini hiyo tofauti niliielewa baadaye. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikata bima ya siku moja kwa simu. Niliingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, ambako bila kulipa hata senti unaona kila ukaguzi wa mwaka, gari lilikuwa na maili ngapi na mkaguzi alinung'unikia nini. Hili lilikuwa limenung'unikiwa kutu kidogo chini kwa nyuma. Nani hana kutu chini kwa nyuma.

Mwenye gari alikuwa mzee wa Kiingereza katika kijiji kimoja cha Northamptonshire, mpole, anachechemea. Goti lake limeigomea klachi, ndiyo maana anauza. Pauni 3,200. Akawasha. Injini ikagonga sekunde chache, kaka-kaka-kaka, kama lori la dizeli, kisha ikatulia ikawa inanong'ona. Shemeji akafumba macho kama mtu anayesikiliza kasida.

"Umeusikia mlio huo?" akaninong'oneza. "Injini yenye afya."

Mzee akaniuliza kama nimewahi kuendesha Renault. Ningeweza kusema hapana. Badala yake nikacheka kile kicheko cha mtu aliyezaliwa ndani ya Renault, nikamwachia ufunguo wa Yaris kama amana, yeye akabaki na goti lake barazani.

Jamani, lile gari. Unakaa juu kama umekalia stuli, usukani umelala kidogo kama wa basi, na kwa maili mbili za kwanza unajiuliza watu wanasifia nini. Halafu unakanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini unapanda, elfu nne, elfu tano, na ukikaribia elfu sita na nusu kitu kinakushika kifuani. Shemeji alitoa shahada. Konani halilali, linauma barabara kama mbwa aliyepewa mfupa. Nilimkumbuka baba, na nikaapa kwamba watoto wanaweza kupitia dirishani, wao bado ni laini.

Tukaingia kwenye vile vijinjia vya vijijini vilivyobanwa na miti pande zote mbili, gari moja tu linapita. Mimi ni mtu wa Tanga, nimepanda Lushoto mara nyingi. Kona usiyoiona mbele unaipigia honi. Nikabonyeza katikati ya usukani. Kimya. Nikabonyeza kwa ngumi. Kimya.

"Andika," nikamwambia shemeji. "Honi mbovu. Pauni hamsini zishuke."

Akaandika. Kona iliyofuata ilikuwa na geti.

Njia iliishia pale. Mbele geti la chuma la shamba, nyuma ya geti ng'ombe kumi na kitu wakatugeukia kwa pamoja, kama wajumbe waliomsubiri mgeni rasmi. Nikasimama karibu mno, boneti na geti vikaachana kama shibiri mbili. Hakuna neno. Rivasi tu, tunarudi.

Kichwani mwa gia herufi R imechorwa, na njia ya kuifikia imechorwa. Nikasukuma gia inakoelekezwa, nikaachia klachi. Gari likasogea mbele inchi mbili.

Nikajaribu tena kwa upole. Inchi moja. Nikajaribu kwa nguvu, kwa hasira, kwa bismillahi. Kila mara linaingia gia ya mbele, na kila mara tunazidi kulikaribia geti. Ng'ombe mmoja akaja kulamba lango.

"Andika," nikasema. "Rivasi imekufa."

"Hiyo ni giaboksi, shemeji," akasema kwa huzuni ya kitaalamu. "Mia nne hiyo."

Hatukuwa na la kufanya ila kushuka tulisukume. Katika kujipenyeza kati ya geti na boneti, shemeji aliteleza akatua kwa mikono yote miwili kwenye tope ambalo, kwa kuwa ng'ombe wanakunywa hapo, halikuwa tope tupu. Nami nikamfuata kwa kumsaidia. Tukaweka mikono kwenye boneti tukasukuma. Njia ilikuwa na mwinuko kwa nyuma. Tani moja na kilo mia, ukiisoma kwenye simu umejilaza kitandani, unaiona ndogo. Tukapata hatua saba, nikarukia ndani kuvuta breki ya mkono, tukapumzika. Hatua nne nyingine. Hapo ndipo tulipolisikia trekta.

Lilikuja kwa nyuma, likajaa njia nzima, likasimama. Akashuka mzee mmoja wa makamo ya mwenye gari, amevaa buti za mpira, akatuangalia: watu wazima wawili wenye samadi mpaka viwikoni, wamekumbatia gari zima ambalo injini yake inanguruma vizuri kabisa. Nikamwambia rivasi imekufa. Nikaingia kumwonyesha, nikashika gia, nikasukuma, inchi mbili mbele. Akauangalia mkono wangu juu ya gia, akaunyooshea kidole, akasema kwa lafudhi ya shambani neno moja nililolipata: *ring*.

Nikamtazama shemeji. Shemeji akatafsiri bila kusita. "Anasema vua pete."

Sikuuliza kwa nini. Mtu akishakwama huwa haulizi. Nilivua pete yangu ya fedha yenye akiki, aliyonivalisha marehemu baba mkwe siku ya nikahi, nikaiweka kwenye kishimo cha sarafu, nikashika gia kwa mkono mtupu na kumwangalia mzee kama mwanafunzi aliyefanya alivyoambiwa.

Yule mzee alinitazama muda mrefu kidogo. Kisha akapitisha mkono dirishani, akaweka vidole viwili chini ya kichwa cha gia, akainua kipete cha plastiki ambacho kilikuwapo pale muda wote, gia ikaingia, *klak*. Akarudi kwenye trekta lake, akalirudisha nyuma robo maili kutupisha. Hakucheka. Heri angecheka.

Unaweza kudhani hapo tulishakuwa na adabu. Tulikubaliana njiani tusiseme neno kuhusu rivasi, ila tumbane kwa honi. Shemeji akaanza hotuba yake ya kupunguza bei. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akaingiza mkono ndani ya gari, akabonyeza ncha ya kile kijiti cha indiketa. *Piiip.* Huko ndiko Wafaransa walikoificha.

Kisha akapita mbele ya gari. Kwenye ile boneti ya buluu aliyoiosha asubuhi kwa ajili yetu kulikuwa na viganja vinne vya samadi, vidole vyote ishirini vinahesabika. Akaweka kiganja chake juu ya mojawapo bila kugusa, kama anayepima saizi, akanitazama mikono. Pauni 3,200, akasema. Tukaaga.

Jumapili asubuhi, saa nne, niko kwenye kochi najifanya nimelisahau lile gari, mama watoto akasimama mbele yangu.

"Pete ya baba iko wapi?"

Nikakiangalia kidole. Nikamwangalia shemeji. Shemeji akaangalia dari.

Ikabidi niseme yote, na trekta, na ng'ombe. Hakukasirika, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. "Twende wote," akasema tu, "wewe ukienda peke yako utaacha na viatu." Tukajipanga kwenye Yaris, watoto na viti vyao, shemeji katikati amebanwa.

Mzee alitupokea vizuri. Mama watoto akamsalimia, akaomba ufunguo aitafute pete mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha dereva. Akakisogeza kiti mbele. Nikadhani anatazama chini yake. Akapanga kioo. Akawasha.

Kaka-kaka-kaka.

Akazima. "Hiyo kaka-kaka ni ya kila asubuhi?" akamuuliza mzee kwa Kiingereza chake cha kazini. "Ni ile puli ya juu, ya upande wa taimingi belti. Belti ilibadilishwa lini? Una risiti?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona yule mzee akijikuna. Risiti ilikuwepo, lakini ya miaka saba nyuma, wakati belti ya injini ile hupewa maili 72,000 au miaka mitano, kinachotangulia. Na si kazi ya kufanyia chini ya mwembe: gia ya chini inayoishika belti haina kabari, imekazwa kwa bolti tu, bila vifaa vyake vya kufungia injini fundi anaikosea kwa meno machache, pistoni na valvu zinakutana uso kwa uso. Hayo nimeyajua sasa. Mwenzangu aliyajua kabla hajafunga mkanda.

Shemeji akainamisha kichwa. Injini yenye afya.

Mama watoto akawasha tena, akainua kile kipete kwa vidole viwili kama anayeinua kifuniko cha bakuli, akarudi nyuma kwa mstari ulionyooka mpaka barabarani. Kidole kikagusa ncha ya kijiti, *piip piip*, akapotea. Tulibaki uani tunausikiliza mlio unavyopanda, elfu nne, elfu tano, mpaka ukamezwa na miti.

"Ana bima?" mzee akaniuliza.

Ndipo damu iliponiganda. Bima yangu ilikuwa ya jana, na ya mimi peke yangu.

Alirudi baada ya dakika ishirini. Mtandio umemwangukia mabegani, macho yanang'aa namna ambayo sijaiona tangu harusi, na ile pete ya akiki ameivaa kwenye kidole gumba. "Ilikuwa kwenye sarafu," akasema, akanivalisha. "Mwambie apunguze mia sita, za belti na hiyo puli. Hapunguzi, tunaondoka."

"Bima, mama watoto," nikamwambia kwa Kiswahili, huku nikimchekea mzee. "Umeendesha bila bima!"

Akanipa simu. Bima ipo: jina lake, namba ya ile Clio, saa ishirini na nne. Nikashusha macho mpaka chini, ilipoandikwa imekatwa saa ngapi.

Saa tatu na robo asubuhi. Pete aliniuliza saa nne.