Dakika 25 za Baba Mkwe

Kwa kuwa rafiki yangu, ambaye nilimlipia mwenyewe nauli ya pantoni kwenda Kigamboni Jumapili iliyopita, ameshasambaza habari kwamba nilifukuzwa ukweni kwa mwiko, ninalazimika kueleza kilichotokea. Sikufukuzwa. Mwiko ulikuwepo, lakini ulikuwa wa kupakulia pilau.

Mnaonifuata mnajua kwamba tangu mwezi uliopita ninafanya kazi zangu za tafsiri kwa mtindo wa nyanya, ule aliouanzisha Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa mwanafunzi huko Italia, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya kujipimia dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Kwa kazi, mtindo huo umenifaa sana, na Mwitaliano wa watu hana lawama yoyote. Kosa langu ni kuuhamishia kwenye mapumziko. Nilikuwa na kurasa 14 za mkataba ambazo mteja alizitaka Jumatatu asubuhi, na papo hapo nilitaka kuonekana mkwe mwema. Basi Jumamosi usiku niliketi nikaikatakata Jumapili yangu vipande vipande, na kwa kuwa mlio wa kawaida wa kengele huwa ninaupuuza, nikairekodi sauti yangu mwenyewe, yenye ukali wa msimamizi wa mtihani, ili initoe kwenye kila starehe muda wake ukiisha.

Baba mkwe ni mstaafu wa reli ya TAZARA. Akianza kusimulia kutoka Dar es Salaam, hashuki mtu mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860. Siku hiyo tulikuwa tumefika kati ya Mlimba na Makambako, kipande kilichowatoa jasho wajenzi wa miaka ya 1970 kuliko vyote kwa milima, madaraja na mahandaki yake, na mzee alikuwa ameinua paja la kuku kutuonyesha jinsi mlima ulivyosimama. Simu yangu ilikuwa ndani ikichajiwa. Nilichosahau ni kwamba shemeji alikuwa ameiunganisha na spika yake kubwa, ile anayoikodisha kwenye shughuli, ili atupigie taarabu.

Taarabu ikakatika katikati ya ubeti. Kikasikika kikohozi, nami nikakitambua, kwa sababu kilikuwa changu.

“Dakika 25 za mzee zimekwisha,” ikasema spika, kwa sauti iliyowafikia hata wauza madafu barabarani. “Itikia mara ya mwisho, jifanye unakwenda chooni, ufungue kompyuta. Usikubali akuingize kwenye handaki jingine.”

Paja la kuku likabaki hewani. Tone la mchuzi likajikusanya kwenye ncha ya mfupa, likaning'inia, nami nikalikodolea macho kana kwamba likidondoka nitasamehewa. Likadondoka. Kengele, kama mjuavyo, hairidhiki kusema mara moja: ikaanza upya, kuanzia kwenye kikohozi, na safari hii kwa nguvu zaidi, maana niliipangia sauti yake iwe inapanda. Nilipoinuka kukimbilia ndani, mguu ulinasa kwenye mkeka nikaanguka kwa magoti mbele ya mzee, jambo ambalo watoto walidhani ni adabu, wakanipigia makofi. Kabla sijasimama, handaki lilikuwa limetajwa mara ya tatu.

Ndipo mama mkwe, mwanamke mpole ambaye hajawahi kuniuliza swali gumu, akauliza mwiko ukiwa mkononi: “Na mimi, mwanangu, nimepewa dakika ngapi?” Nilikuwa bado ninatafuta jibu la heshima wakati shemeji, aliyetangulia kwenye simu kwa nia njema ya kuizima, alipobonyeza pasipotakiwa, na spika ikajibu kwa niaba yangu: “Pilau, dakika 10. Sifia mara mbili, usiongeze sahani, utasinzia.”

(Rafiki yangu, wakati huo, alikuwa ameukumbatia mwembe akilia kwa kicheko. Hilo hakuwasimulia.)

Yaliyofuata ni mafupi. Niliomba radhi, nikala sahani tatu, nikasinzia kweli, na mkataba nikaukabidhi Jumanne kwa mteja ambaye hadi Alhamisi hakuwa ameufungua. Mzee hajanilaumu kwa neno lolote. Jana jioni alinipigia, akaitikia shikamoo yangu bila haraka, kisha akanijulisha kwamba Jumapili ijayo simu yangu italala kwenye kabati lake, na kwamba, kwa kuwa niliikatiza safari njiani, itabidi tuanze upya kutoka Dar es Salaam.