V8 ya jirani na V8 ya mheshimiwa

Jumapili asubuhi jirani yangu hapa Lansing, Michigan, kaiwasha Camaro yake ya 1969, gari la kispoti la Chevrolet, vikombe vyangu vikagongana kabatini. Injini ya V8, yaani silinda nane, lita 5.7. Mzee mwenyewe mstaafu wa kiwandani, si tajiri, anavaa kandambili na soksi, na kadi ya gari ina jina lake.

Sasa V8 kwetu ni nini? King'ora, trafiki kasimamisha daladala, nyie mnapikika humo ndani saa saba mchana mpaka msafara upite. Tena ile Land Cruiser mpya yenyewe ni V6 siku hizi, ila bado tunaiita V8, maana kwetu hiyo si injini, ni cheo.

Najua mshaanza, "kakaa miaka minne tu kashasahau vumbi la Mbagala". Sijasahau bwana, wala sisemi huku peponi. Hiyo Camaro yenyewe si imekufa? Ilikuja 1967 kuifukuzia Mustang ya Ford, 1970 ile Z28, toleo lake la kasi, ikawa na nguvu za farasi 360, mara bima juu, mara sheria za moshi, mara mafuta yakaadimika 1973, kufika 1975 injini kubwa kuliko zote ina farasi 155, hata ukisema walibadilisha namna ya kupima bado ni aibu. 2002 ikasimama, baadaye ikarudi, ya mwisho ikatoka kiwandani hapahapa Lansing Desemba 2023. Na wanaoililia ndo haohao wananunua pikapu! Mzee mwenyewe dukani anaenda na pikapu, anasema zile Camaro za juzi ukikaa ndani huoni nje, kama unachungulia tundu la funguo.

"Kwani huko hukatwi kodi?" Nakatwa, tena inauma. Ila sijasukumwa pembeni ya barabara na gari niliyoilipia mwenyewe, hapo tu ndo ninaposemea.

Halafu kuna kitu mnawazidi, mzee kangoja wiki tatu fundi wa kabureta, yaani kabureta! Kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, hiyo kazi ya nusu saa, na chai juu.

Jana kanipa funguo nizunguke mtaa mmoja, akanirekodi. Nikamtumia baba mdogo ile video, kasikiliza muungurumo, kajibu: "Hongera mwanangu, wamekupa mkoa gani?"